The Infamous ya Mobb Deep: albamu ya pili ya madogo wawili waliokuwa na hofu kuliko walivyotaka tujue

Mzee wa Biro (mleta mada)

Wakuu salaam.

Juzi kijiweni vijana walikuwa wanabishana ni albamu gani ya hip hop ngumu ya Marekani ambayo ukiiweka leo bado haijachuja. Kila mtu akataja yake. Mimi nikasema The Infamous ya Mobb Deep, wale wachanaji wawili wa New York, Havoc na Prodigy. Dogo mmoja akaniuliza, "Hao si ndio wa ile ngoma ya kwenye sinema ya Eminem?" Nikameza mate. Ndio hao, mwanangu. Kahawa ilikuwa imeshaisha na watu wanaaga, nikaona nije nimalizie huku.

Mimi niliipata kwenye kanda. TDK ya dakika 60, nimedabiwa na jamaa wa Magomeni aliyekuwa na ndugu baharia. Juu ameandika kwa biro "MOB DIP". Ndio zama zile Radio One imeanza, na DJ Show ya Taji Liundi ndiyo darasa letu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, ila biti ya kwanza ilipoingia nikazima taa ya chumba. Sijui kwa nini. Niliona tu haifai kusikilizwa na taa inawaka.

Sasa twende kwenye mada. Watu wengi hudhani hii ndiyo kazi yao ya kwanza. Siyo. Ya kwanza inaitwa Juvenile Hell, ilitoka 1993, na ilibuma vibaya sana. Tena haikukosa mafundi wa biti: DJ Premier yumo, Large Professor yumo. Ila ukiisikiliza unaona vijana wawili wanapiga kelele ili waonekane wakubwa. Hakuna aliyenunua, na lebo ikawatema. Wakati huo hata miaka 20 hawajafika.

Hebu fikirini ilivyouma. Novemba mwaka huohuo Wu-Tang Clan wakatoka na albamu yao ya kwanza, mji mzima ukasimama. Aprili 1994 Nas akatoa Illmatic. Na Nas si mtu wa mbali, ni wa Queensbridge kule New York, majengo yaleyale anakotoka Havoc. Yaani wewe umeshaanguka mbele ya watu, halafu mtoto wa jirani anabebwa juujuu kwamba ndiye bora kuliko wote. Unarudi mtaani na sura gani?

Basi hao madogo wakajifungia ndani. Loud Records, lebo ileile ya Wu-Tang, ikawapa nafasi ya pili. Tarehe 25 Aprili 1995 The Infamous ikatoka, ikafika namba 15 kwenye chati kuu ya Billboard, na miezi miwili baadaye ilishapata dhahabu, yaani cheti cha nakala nusu milioni.

Sasa hoja yangu, na najua nitapigwa mawe. Watu husema ile ni albamu ya ubabe. Mimi nasema ni albamu ya woga. Ndiyo maana haizeeki. Ubabe wa 1995 leo unachekesha, ila woga wa mtoto wa miaka 19 anayeangalia nyuma kila akikata kona, huo unauelewa hata ukiwa Tandale.

Naandaa sehemu ya pili, endeleeni na chai.

---

Siti ya Mbele

Nimeshawahi nafasi. Shusha nondo mzee, usije ukatuacha njiani kama wale wa "itaendelea" halafu mtu anapotea miaka miwili.

---

Mzee wa Biro

Hahaha, siendi popote mkuu.

Kwanza mjue Mobb Deep walikuwa akina nani. Havoc ndiye mtoto wa Queensbridge. Huo ni mtaa wa nyumba za serikali pale Queens, New York, ulifunguliwa 1939, chini ya daraja la Queensboro. Majengo 96, nyumba zaidi ya 3,100, matofali ya rangi moja, ghorofa sitasita. Kwa Amerika Kaskazini hakuna mradi wa nyumba za umma mkubwa kuliko huo. Marley Marl katoka hapo, MC Shan, Roxanne Shanté, Nas. Jengo kwa jengo mtu anachana. Hata ngoma ya kwanza ya albamu imetaja upande wao kwenye jina, "41st Side", yaani upande wa barabara ya 41. Sisi tungesema "wa kule kwa akina fulani, upande wa bondeni".

Prodigy ndiye wa kushangaza. Huyu hakuzaliwa Queensbridge. Ni wa Hempstead, Long Island, ukoo wa muziki: babu yake ni Budd Johnson, mpiga saksafoni wa jazi mwenye jina lake. Alikutana na Havoc shuleni Manhattan, shule ya sanaa na usanifu. Yaani hawa watu wa kutisha walikutana kwenye shule ya kuchora. Akawa anakwenda kwa Havoc, anashinda, mwishowe akawa mtu wa mtaa.

Mimi naamini hapo ndipo ilipo siri ya mistari ya Prodigy. Mwenyeji haangalii ukuta wa kwao, kauzoea. Mgeni ndiye anayeona kila kitu: nani kasimama wapi, mkono uko mfukoni au nje, ngazi ipi haina taa. Sikilizeni Survival of the Fittest. Anaanza kwa kusema nje kuna vita na hakuna aliye salama. Mwenyeji asingeanza hivyo. Mwenyeji angesema "kama kawa".

Na hiyo Shook Ones Part II, ile ya kwenye sinema ya Eminem, ambayo kila mtu anaijua. "Shook" ni mtu aliyetetemeka, ambaye moyo umemtoka. Ngoma nzima wanawacheka waoga. Lakini katikati Prodigy anasema ana miaka 19 tu ila akili yake imezeeka, na mambo yakiwa kweli moyo wake unageuka baridi. Mtu asiye na hofu hahitaji kukwambia hilo. Anajifunga mkanda mwenyewe.

---

Hell on Earth 96

Mzee nakuheshimu ila hapa umeteleza. Albamu yao bora ni ya tatu, Hell on Earth ya Novemba 1996. Hiyo ndiyo giza tupu. The Infamous bado ina ngoma za kupumulia, mara Crystal Johnson anaimba kiitikio kitamu kwenye Temperature's Rising, mara Q-Tip anachana kuhusu nguo. Hip hop ngumu gani hiyo? Hell on Earth haina huruma kuanzia mwanzo hadi mwisho.

---

Mzee wa Biro

Mkuu hapo ndipo tunapoachana. Giza bila upenyo wa mwanga unalizoea, baada ya ngoma nne hulioni tena. The Infamous inakufungulia dirisha kidogo, halafu inalifunga.

Na usimdharau Q-Tip. Huyu ni wa A Tribe Called Quest, watu wa amani na jazi, wa kucheka na kofia zao. Kwenye jalada la albamu kaandikwa "The Abstract". Ngoma tatu zina mkono wake: Give Up the Goods, Temperature's Rising na Drink Away the Pain. Na alikaa nao kwenye kuchanganya sauti, ngoma zao zikapata kifua. Chukua Juvenile Hell, chukua The Infamous, sikiliza besi na tarumbeta za mbali tu bila maneno. Utadhani ni watu wengine.

Na Temperature's Rising si ngoma ya kupumulia, umeisikiliza vibaya. Ni barua. Kaka yake Havoc anatafutwa na polisi, na mdogo mtu anamwandikia: tulia hukohuko, usipige simu ovyo, mambo huku yamechacha. Kiitikio kitamu kimewekwa makusudi, kama mama anayeimba jikoni huku anajua askari wako nje.

---

Fundi Sampla

Wakuu naomba niingie upande wangu, mimi natengeneza biti (za kulipia umeme tu, msinitafute).

Kile kinanda cha Shook Ones Part II kilitutesa dunia nzima. Biti hizi hujengwa kwa vipande vya nyimbo za zamani, na kwa miaka 16 hakuna aliyejua Havoc alikitoa wapi. Watu walijua mapigo ya drums ni ya bendi ya Daly-Wilson ya Australia, walijua kuna kipande cha Quincy Jones, kile kinacholia kama king'ora cha mbali, kutoka kwenye muziki wa filamu wa 1971. Ila kinanda, kimya. 2011 mashabiki mtandaoni ndio wakakibaini: ni cha Herbie Hancock, mpiga kinanda wa jazi, wimbo unaitwa Jessica, wa 1969.

Sasa kasikilize Jessica. Ni wimbo wa mapenzi, mpole, wa kulalia mtoto. Utasema hapana, si huu. Havoc kachukua kipande kifupi mno cha kinanda, akakipunguza kasi mpaka sauti ikashuka na kuwa nzito, halafu hakukiacha kijirudie kama wengi wanavyofanya. Alikipiga upya kwa vidole kwenye vitufe vya sampla, ile mashine ya kuchezea vipande vya sauti, kitufe hiki juu kidogo, hiki chini kidogo, mpaka akapata sauti mpya ambazo Hancock hakuzipiga kabisa. Ndiyo maana haikujulikana.

Nilijaribu mwenyewe nyumbani. Ukishusha kasi ya kinanda kile, kila noti inaanza kuwa na mkia, inazama kama kitu kilichodondoshwa kisimani. Ule mkia ndio unaowatisha watu. Si maneno.

Tena Havoc amewahi kusimulia alitaka kuifuta ile biti, hakuiona ya maana. Wenzake ndio wakamzuia. Nikikumbuka biti nilizofuta mimi nalala vibaya.

---

Mtumishi Mwema

Mnapoteza muda na muziki wa wahuni. Watoto wanaharibika kwa ajili ya vitu hivi halafu wazee wazima mnavisifia.

---

Siti ya Mbele

Mtumishi umesoma uzi au umesoma kichwa? Mzee kasema ni albamu ya woga. Lete hoja.

---

Mzee wa Biro

Mwacheni, ana haki yake. Mtumishi, sikatai: kuna mistari mle siwezi kuiweka na wanangu sebuleni. Wakati wa utangulizi Prodigy anawatukana wachanaji wenzake kwa kusema mambo yasiyoeleweka, Keith Murray akaona kapigwa dongo, ukazuka ugomvi wa kweli wa ngumi. Kwa hiyo si malaika. Lakini ngoma kama Trife Life inasimulia kijana anaitwa na msichana aende mtaa mwingine, na njia nzima anajiuliza kama ni mtego. Hiyo umeisikia kwa vijana wetu wangapi waliovamiwa kwa kuitwa na "demu wa mtandaoni"? Mahubiri hayo yote, ila hayana aya.

---

Mtoto wa Dandora

Niaje wasee wa Bongo. Huku Nairobi sisi tulikuwa na Kalamashaka, kundi la hip hop, wametoka Dandora, na nikiskia ngoma yao Tafsiri Hii mpaka leo nywele zinasimama. Sisemi waliiga. Lakini ukiweka K-Shaka halafu uweke Mobb Deep, unaskia ni watu wanakaa karibu na shida moja, hawaitazami kwa TV. Hiyo ya woga mzee nakubaliana. Msee wa mtaa hatembei kifua mbele, anatembea akihesabu milango.

---

Hell on Earth 96

"Anatembea akihesabu milango." Hii naiba.

Sawa mzee, nakupa Temperature's Rising. Ila Drop a Gem on 'Em siachii, ile waliyomjibu 2Pac.

---

Mama Pacha

Samahanini, mimi si mtu wa hip hop, mume wangu kaniachia simu yake uzi ukiwa wazi. Ila jina la Prodigy nalijua kwa njia nyingine.

Mdogo wangu wa kiume ana sikoseli. Akibanwa na maumivu usiku tunachemsha maji, tunaloweka khanga, tunamkanda magoti na mgongo, na yeye anaweka spika za masikioni anajifunika shuka mpaka kichwani. Nilidhani anasikiliza kaswida. Siku moja nikachomoa upande mmoja nisikie. Ni huyo Prodigy, wimbo unaitwa You Can Never Feel My Pain. Nikamuuliza anasema nini. Akanitafsiria hukohuko chini ya shuka, sentensi moja, anapumzika, sentensi nyingine. Kwamba huyo mwanamuziki naye anayo tangu kuzaliwa, kwamba hospitali ndiyo kwao, na kwamba hakuna mtu atakayejua maumivu yake.

Shuleni walikuwa wanasema anajidekeza. Hajawahi kuwajibu. Nadhani huo wimbo ndio ulikuwa jibu lake.

Naomba kuuliza: kwenye hiyo albamu mnayoizungumzia, alishaanza kusema kuhusu ugonjwa?

---

Mzee wa Biro

Dada yangu, asante sana, na mpe mdogo wako salamu zangu za heshima.

Wimbo huo ni wa 2000, kwenye albamu yake ya peke yake, H.N.I.C. Huko ndiko alikoamua kuyaweka mezani yote. The Infamous ni miaka mitano kabla, na mle alikuwa bado anajificha nyuma ya kofia. Lakini ukishajua, huwezi kuisikiliza albamu ileile tena. Ile sauti yake ya chini, isiyopanda, isiyoharakisha, nilikuwa nadhani ni mbwembwe za kibabe. Siku hizi naisikia kama sauti ya mtu anayetunza pumzi. Hayo ni masikio yangu, si daktari mimi.

Na hapa Hell on Earth 96 unisamehe, maana 2Pac ndiye aliyemtangazia ugonjwa wake. Kwenye Hit 'Em Up ya 1996 mwishoni anawauliza Mobb Deep kwa kejeli, si kuna mmoja wenu ana sikoseli? Nilikuwa nampenda 2Pac kufa. Kanda zake zote ninazo. Pale alinishinda. Mtaani kwetu kulikuwa na binti wa jirani aliyefariki kwa ugonjwa huohuo, na sisi tulikuwa tunauimba mstari ule kwa kucheka kwa sababu hatukujua maana ya neno lenyewe. Tulipojua, yule binti alishazikwa.

---

Fundi Sampla

Aisee.

---

Siti ya Mbele

Mama Pacha, Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, halafu bado mtu anaambiwa anajidekeza. Mdogo wako yupo sawa sasa hivi?

---

Mama Pacha

Yupo, anatumia dawa na anakunywa maji kama samaki. Ameoa. Baridi ndiyo adui yake, akija kwangu nazima feni hata kama ni Januari.

---

Mzee wa Biro

Alhamdulillah.

Nimalizie habari ya Prodigy. Alifungwa kwa kosa la silaha, akatoka 2011, na mwaka huohuo kikatoka kitabu cha maisha yake. Baadaye, 2016, akaandika na kitabu cha mapishi ya gerezani, eti namna ya kujipikia usiumwe kwa vitu vya duka la jela. Watu walicheka. Mwenye sikoseli hakucheka, anajua chakula na maji ndiyo maisha yenyewe.

Juni 2017 alikuwa kwenye ziara ya wakongwe, Las Vegas, joto la jangwani. Baada ya shoo akalazwa kwa ajili ya ugonjwa wake. Tarehe 20 akafariki, miaka 42. Uchunguzi ulisema alipaliwa na chakula akiwa hospitali. Siku ya selimundu duniani ni tarehe 19 Juni. Ilipita kwa siku moja.

Havoc bado yupo.

---

Dogo wa Elfu Mbili

Mimi ndiye niliyeuliza kijiweni kuhusu sinema ya Eminem 😂 Mzee umeniumbua. Nimeisikiliza yote jana usiku, taa nimezima kama ulivyosema. Swali: ile ya mwisho, Party Over, kwa nini watu hawaizungumzii? Mimi naona ndiyo kali kupita zote. Big Noyd, mchanaji waliyemshirikisha, kaua.

---

Mzee wa Biro

Dogo, umenigusa pabaya.

Albamu ile ina dakika 66 na ushei. Kanda yangu ilikuwa ya dakika 60. Ilikuwa inakata Shook Ones kabla haijaisha, kinanda kile kinazama, halafu "tak", kitufe kinaruka juu, nageuza upande wa A. Miaka tisa nilidhani albamu inaishia hapo. Niliona ni ufundi, kwamba wamekata makusudi. Nimewahi hata kubishana na watu kwa hilo, nikashinda.

2004 nikapata CD kwa muuza CD wa Kariakoo. Shook Ones ikapita pale inapokatikia, ikaendelea mpaka mwisho, nikawa nimesimama katikati ya chumba kama mtu aliyekuta mlango wa ziada kwenye nyumba yake. Halafu ikaanza Party Over. Sikukaa chini mpaka ilipoisha.

Kanda bado ninayo. MOB DIP. Haichezi tena, utepe umejikunja, na redio ya kuichezea nilishaiuza.